Buluu Iliyoniumbua

Nimeyasoma majarida ya chama chetu ya miaka iliyopita, nikaona jinsi wenzangu walivyosimulia ajali za barabarani, mafuriko na safari za kutisha. Mimi sina ajali wala safari. Kisa changu kilitokea ndani ya maabara, mbele ya neli chache za kioo, lakini nilitoka humo jasho likinitiririka kama aliyekimbizwa na mbwa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakutuambia kwamba mtu anaweza kuishika njia hiyo huku akijiona mkweli wa wakweli.

Mwaka wa 2024 nilikuwa kidato cha pili. Ninaishi na shangazi yangu, dada mkubwa wa babangu, hapa hapa Kilifi, nami ni mwanafunzi wa kutwa. Karo yangu hutoka katika ubuyu. Najua mtu akisikia ubuyu hufikiria zile punje nyekundu zenye sukari tunazonunua langoni, zinazotutia rangi midomoni hata mwalimu wa zamu akajua ni nani aliyekuwa akila darasani. Hizo pia shangazi huuza. Lakini biashara inayotulisha hasa ni ya unga. Hununua mabuyu kwa magunia, akayavunja, akayaanika, akayatwanga kinuni kisha akachekecha mara mbili mpaka ukabaki unga laini, mchachu, wa rangi kama ya tui zito. Huupakia katika mifuko ya robo kilo. Wateja wake wako Mombasa, na wachache Nairobi, watu wanaojali afya zao ambao huukoroga katika uji au maji ya matunda.

Basi jioni moja mteja wa Nairobi akampigia simu. Alitaka kununua mifuko mingi ya kuuza dukani kwake, lakini alikuwa na swali. Mikebe ya unga wa matunda inayotoka ng'ambo huandikwa kiasi cha polifenoli. Je, ubuyu wa shangazi una polifenoli ngapi?

Shangazi alikata simu akanigeukia. "Mwanangu, wewe si ndiwe unayesoma hiyo sayansi? Polifenoli ni nini, na wangu unazo ngapi?"

Kusema kweli, sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo. Lakini nani akubali kuonekana mbumbumbu mbele ya mtu anayemlipia karo? Nikajipiga kifua. "Niachie mimi, shangazi," nikamwambia. Maneno matatu tu, lakini yalinipeleka mbali.

Kesho yake nilimwendea mwalimu wetu wa kemia, yule tuliyempachika jina la Mwalimu Pipeti kwa sababu hata akitembea kijijini kalamu zake mfukoni huonekana kama pipeti. (Natumai hatanikasirikia akisoma hapa.) Alifurahi kwelikweli. Alinieleza kwamba polifenoli si kitu kimoja bali ni ukoo mkubwa wa kemikali za mimea, wenye maelfu ya aina. Ukila ndizi mbichi au pera changa, ulimi hukauka na kukakamaa. Ule ukakasi hutokana na polifenoli zikishikana na protini za mate. Rangi ya zambarau iliyoiva inatoka huko, na rangi nyekundu ya chai ya mkandaa vilevile. Mmea huzitengeneza ili kujikinga na wadudu, magonjwa na jua kali. Watafiti wamezichunguza sana kuhusu afya ya moyo na mishipa ya damu, lakini, akasisitiza mwalimu akininyoshea kidole, polifenoli si dawa, na asije mtu akaacha dawa za daktari kwa sababu ya unga wa tunda.

"Na zinapimwaje, mwalimu?" nikauliza.

"Hilo ndilo swali la mradi wako wa Maonyesho ya Sayansi," akajibu.

Hivyo ndivyo mimi na mwenzangu tulivyojikuta kila Jumamosi katika maabara ya chuo kimoja, ambako fundi wake alikuwa amesoma na Mwalimu Pipeti. Mama huyo alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Alitukabidhi makoti meupe yaliyotufika vifundoni, akatuonyesha chupa ya maji ya manjano. Hicho, alisema, ni kitendanishi cha Folin na Ciocalteu. Otto Folin alizaliwa Uswidi akawa mwalimu wa kemia ya mwili huko Marekani, na Vintilă Ciocâlteu alikuwa Mromania. Walikitangaza mwaka wa 1927, na hawakuwa na haja na matunda hata kidogo. Walitaka kupima tirosini na triptofani, yaani vipande viwili vinavyojenga protini. Ni mwaka wa 1965 ambapo Singleton na Rossi, watafiti wa mvinyo huko California, walipokifanyia kazi upya kikawa kipimo maarufu cha polifenoli, na tangu hapo kimetumika kwa zabibu, chai, kakao na kila namna ya tunda.

Mimi historia ile niliisikia kwa sikio moja ikatokea kwa jingine. Laiti ningalijua! Jibu la masaibu yangu yote lilikuwa pale pale. Kitu kilichoundwa kupima protini, kikaazimwa kupima mvinyo, kikaletwa kupima ubuyu, ni kitu kisichochagua.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ulipima gramu moja ya unga, ukauloweka katika methanoli iliyochanganywa na maji, ukatikisa, ukachuja. Ulichukua tone dogo la ule mchujo ukalizimua, ukatia kile kitendanishi cha manjano, ukangoja dakika chache, halafu ukatia myeyusho wa sodiamu kaboneti. Ukaacha kwenye kabati lenye giza kwa saa mbili. Ukirudi, manjano imekuwa buluu. Kadiri buluu inavyokolea ndivyo kipimo kinavyokuwa kikubwa. Kuna mtambo unaoitwa spektrofotomita, unaopitisha mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 765 ndani ya ile buluu na kukuambia ni mwanga kiasi gani ulionaswa. Ili kuigeuza buluu kuwa namba, unatengeneza kwanza chupa tano za asidi galiki, ambayo ni kemikali ndogo ya ukoo huo huo, kila chupa na kiasi unachokijua. Unachora grafu, kisha unalinganisha. Ndiyo maana majibu huandikwa kama miligramu za asidi galiki kwa kila gramu 100 za tunda.

Jumamosi ya tatu tulifungua kabati. Lo! Neli za ubuyu zilikuwa buluu kama bahari ya Kilifi saa sita mchana. Tulipiga hesabu mara mbili. Namba ilikuwa kubwa, tarakimu nzima nzima za kujivunia. Pembeni tulikuwa tumepima pia unga mmoja wa kinywaji wa dukani, ule wa pakiti yenye picha ya matunda yaliyokatwa yakidondosha maji. Nao ulitoa buluu nzuri, ukaufuata ubuyu kwa karibu. Mimi sikuona ajabu yoyote. Si pakiti ina picha ya matunda?

Nilifika nyumbani mbio. "Shangazi, namba hii hapa!" Alinikumbatia huku mikono yake ikiwa na unga, akaniacha nimepakwa meupe mgongoni. Juma lile ilikuwa zamu yake kupokea pesa za chama cha akina mama. Bila kunishauri wala kumshauri mtu, alikwenda mjini akachapisha vibandiko mia tano vya kutia kwenye mifuko. Juu kuna picha ya mbuyu, katikati jina la ubuyu wake, na mstari wa chini kabisa: polifenoli, na namba yangu. Namba yangu mimi, ya kidato cha pili, imechapishwa! Nilikitazama kile kibandiko nikajiona kama profesa.

Sasa wasomaji, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kabla ya Maonyesho, Mwalimu Pipeti alitutaka tujaribu kuueleza mradi wetu mbele ya wenzetu. Nilieleza kwa madaha, nikionyesha grafu huku na huku. Nilipomaliza wakapiga makofi. Mwalimu akauliza kama kuna swali. Kimya. Halafu mkono mdogo ukainuka nyuma kabisa. Alikuwa mono, shati bado linamzidi, sauti yake nyembamba.

"Samahani. Hiyo dawa ya manjano ikitiwa kitu kisicho na polifenoli hata kidogo, haigeuki?"

Darasa likaangua kicheko. "Mono keti!" mtu akasema. Nami nikajibu kwa kiburi, "Bila shaka haigeuki." Nilijibu hivyo na ilhali sikuwa nimejaribu hata siku moja. Mwalimu hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake akanitazama kidogo, basi.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Kuuliza si ujinga, na yule mtoto hakuwa mjinga. Jumamosi nilimwomba fundi anipe kitu chochote kisicho na polifenoli ili nimfunge mono yule mdomo. Fundi alitabasamu, akanyosha mkono rafuni, akanipa chupa ya asidi askobiki. Hiyo ndiyo vitamini C tupu. Haina tunda, haina jani, haina gome. Niliiyeyusha katika maji, nikatia kitendanishi cha manjano. Hata sodiamu kaboneti sikuwa nimeigusa. Mbele ya macho yangu manjano ile ikaanza kugeuka, kijani kidogo, kisha buluu. Buluu ile ile!

Nilipigwa na butwaa. Mwenzangu alishika kichwa. Nikarudia kwa neli nyingine nikidhani ilikuwa chafu. Buluu. Nikaosha, nikasuuza, nikarudia. Buluu tu, inanitazama.

"Umewahi kuhudhuria harambee?" fundi akaniuliza.

"Ndiyo."

"Jioni kapu likihesabiwa, mnajua jumla. Je, kapu linajua shilingi ipi ilitoka kwa nani?"

"Halijui."

"Basi hiki kitendanishi ni kapu. Kazi yake ni kupokea elektroni. Molibdenamu iliyomo ndani ikipokea elektroni hugeuka buluu. Polifenoli hutoa elektroni, ndiyo. Lakini vitamini C hutoa pia. Sukari zingine hutoa, ingawa si kwa bidii hiyo. Dioksidi ya salfa wanayotia katika matunda makavu hutoa. Zile protini alizotaka Folin hutoa. Wewe umehesabu kapu zima, ukasema zote zimetoka kwa mtu mmoja."

Na ubuyu, wasomaji, kila mtu wa Pwani anajua unasifika kwa nini. Kwa vitamini C! Ule uchachu wetu wenyewe ndio uliokuwa ukinicheka ndani ya neli.

Nilimwuliza fundi kwa nini hakuniambia mapema. Alisema, "Nilikuambia siku ya kwanza. Nilikuambia kilitengenezwa kwa ajili ya nini." Sikuwa na la kujibu.

Tulianza upya. Kwanza tulipima vitamini C peke yake kwa DCPIP, ile ile tunayotumia katika somo la biolojia. Hiyo nayo ni buluu, lakini kinyume: vitamini C huiondolea rangi, kwa hiyo unahesabu matone mpaka buluu ipotee. Tulipojua ubuyu una vitamini C kiasi gani, tulichukua kiasi hicho hicho cha asidi askobiki tupu, tukakitia katika kitendanishi cha Folin, tukapima buluu yake. Halafu tukaitoa katika ile buluu ya mwanzo. Kila kitu tulipima mara tatu, maana fundi alisema namba iliyopimwa mara moja ni uvumi.

Kipimo cha ubuyu kilishuka kwa zaidi ya robo. Bado kilikuwa kizuri, lakini hakikuwa kile cha kwenye kibandiko. Ule unga wa pakiti ya dukani ndio ulioniacha kinywa wazi. Uliporomoka mpaka karibu na sifuri. Niliigeuza ile pakiti nikasoma maandishi madogo ya nyuma, ambayo sikuyasoma mara ya kwanza: sukari, asidi ya limau, vitamini C, rangi. Buluu yake yote ilikuwa ya vitamini C iliyotiwa kiwandani. Na katika jedwali langu la kwanza, hiyo pakiti na ubuyu wa shangazi walikaa jirani kama ndugu!

Fundi alituambia kwamba hata hapo tusijidanganye kuwa tumefika mwisho. Katika maabara kubwa, mchujo hupitishwa kwanza katika kichujio maalum kinachoshika polifenoli na kuacha sukari na vitamini C zipite na maji, halafu polifenoli zinatolewa kwa methanoli na kupimwa peke yake. Wengine hutumia kromatografia ya kimiminika, ambayo huzitenganisha moja moja, kila moja ikatoka kwa wakati wake kama wanafunzi wanaoitwa majina kwenye gwaride. Kisha kuna mengine madogo yanayobadilisha namba. Ukiloweka kwa maji matupu unapata jibu moja, ukiloweka kwa methanoli au asetoni unapata jingine, na polifenoli zingine zimeng'ang'ania katika nyuzinyuzi za tunda hazitoki kabisa. Ukilinganisha na asidi galiki unapata namba moja, ukilinganisha na katekini unapata nyingine. Ukipima tunda bichi lenye maji na unga mkavu, huwezi kuviweka katika mstari mmoja, kwa sababu kukausha peke yake kunakuza namba bila kuongeza kitu.

Alitusimulia pia kisa kilichochapishwa mwaka wa 2006 na watafiti wa Australia. Walikuwa wamepata unga uliouzwa kama dondoo la matunda madogo meusi ya Ulaya yanayoitwa bilberi, yenye rangi nzito kama zambarau zetu. Muuzaji alidai una asilimia 25 ya zile polifenoli za rangi, yaani anthosianidini. Kipimo cha kawaida cha kutazama rangi kilikubali, kikasema karibu asilimia 24. Lakini kromatografia ilipotenganisha, ilipata karibu asilimia 9 tu. Iliyobaki ilikuwa rangi ya kiwandani, nyekundu iliyokolea, iliyotiwa makusudi ili kukidanganya kipimo. Yaani yule mlaghai alijua kwamba kipimo kinaona rangi tu, akakipa rangi.

Niliposikia hivyo moyo ulinidunda. Mlaghai yule na mimi tulikuwa na tofauti gani? Yeye alijua, mimi sikujua. Lakini mteja wa Nairobi aliyeshika mfuko wa shangazi, kwake yeye kibandiko ni kibandiko. Na sasa nilikuwa nimejua. Kuanzia saa ile, nikinyamaza, nami nitakuwa mlaghai.

Nilimkuta shangazi uani, akichekecha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Shangazi, ile namba... si ya kweli yote."

Chekecheke ikasimama. "Si ya kweli yote? Kwani namba huwa nusu kweli?"

Nilijaribu kumweleza habari za elektroni na molibdenamu. Aliniangalia tu. Nikanyamaza. Akajifuta mikono, akaketi juu ya kinu kilicholala.

"Zamani," akasema, "marehemu nyanyako alikuwa akituambia kuhusu muuza mchele mmoja. Alikuwa na kibaba chake ambacho chini amebandika nta. Ukitazama, kibaba kimejaa. Vibaba vinne, pishi. Hakuna anayeweza kusema hakikujaa. Lakini ukifika nyumbani, watoto hawashibi. Sasa wewe unaniambia kibaba changu kina nta?"

"Si nta, shangazi. Vitamini C ni kitu kizuri. Ni kama mtu amenunua kibaba cha mchele, akakuta ndani mna mchele na kunde. Vyote ni chakula. Lakini yeye alilipia mchele."

Alikaa kimya muda mrefu. Kuku walipita wakidonoa vumbi la ubuyu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimeshatuma mifuko arobaini Nairobi."

Machozi yalinilengalenga. Nilitaka anipige, anitukane, aseme lolote. Pesa za chama zilikuwa zimekwenda kwa sababu ya maneno yangu matatu. Lakini shangazi aliingia ndani akatoka na simu, akampigia yule mteja mbele yangu. Alimwambia kwamba mtoto aliyepima amegundua kosa, kwamba ubuyu ni ule ule mzuri lakini namba iliyoandikwa imezidi, na kwamba akitaka kuirudisha mifuko airudishe. Sikusikia upande wa pili ukisema nini. Nilimwona shangazi akitikisa kichwa, "Ndiyo... ndiyo... nimeelewa." Mteja hakurudisha mifuko, ila alisema asitumiwe mingine mpaka kieleweke. Muhula ule karo yangu ilichelewa, na nilijua ni kwa sababu ya nani.

Usiku tuliketi sakafuni na makasi mawili. Vibandiko mia nne na sitini, kimoja kimoja, tukaukata ule mstari wa chini. Mbuyu ukabaki, jina likabaki, namba ikaenda katika ndoo ya taka. Karibu saa tano shangazi akanichekea. "Na ile pakiti ya dukani, ulisema imebaki na nini?"

"Karibu na sifuri, shangazi."

"Ahaa!" akasema, akaendelea kukata. Nadhani lile lilimfariji kidogo.

Katika Maonyesho tulibandika jedwali zote mbili ukutani, la kwanza na la pili. Mwamuzi mmoja aliuliza kwa nini tunaonyesha kosa letu. Mwenzangu alijibu kwamba kosa ndilo mradi wenyewe. Hatukupita. Waliopita walikuwa na mtambo wenye taa zinazowakawaka, nasi tulikuwa na neli za buluu tu. Lakini yule mwamuzi alirudi baadaye akanakili jedwali letu, akatusimulia habari za wasichana wawili wa New Zealand, Anna Devathasan na Jenny Suo wa Pakuranga College, Auckland. Mwaka wa 2004, wakiwa na umri wa miaka 14, walipima vitamini C katika maji ya matunda kwa ajili ya mradi wa shule. Kinywaji cha Ribena kilichouzwa tayari kwa kunywa walikikuta karibu hakina kitu, ilhali matangazo yalilisifu tunda lake kwa kuyashinda machungwa mara nne kwa vitamini C. Tunda lenyewe huenda lilikuwa nazo, lakini si pakiti. Kampuni haikuwajali mwanzoni. Mwaka wa 2007 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikiri mashtaka 15 mahakamani Auckland na kutozwa faini ya zaidi ya dola 200,000 za New Zealand. Wasichana wa rika letu, wasomaji, wakiwa na neli kama zetu.

Tangu siku hizo nimekuwa msumbufu madukani. Nikiona mkebe umeandikwa polifenoli kiasi fulani, nauliza: zimepimwa kwa njia gani? Zimelinganishwa na nini? Ni kwa gramu 100 za tunda bichi au za unga mkavu? Na je, wametia vitamini C humo ndani, na waliitoa katika hesabu? Wenye duka hunitazama kama mwendawazimu. Lakini mkebe usiojibu hata moja kati ya hayo umekupa rangi tu, haujakupa kipimo.

Shangazi alianza kumwuzia tena mteja wa Nairobi muhula wa tatu, bila namba yoyote kwenye mfuko. Yule mono siku hizi si mono tena. Nilimtafuta nikamwomba radhi mbele ya wenzake, maana nilimjibu kwa kiburi mbele yao. Alisema hata hakumbuki. Mimi nakumbuka.

Kibandiko kimoja hatukukikata. Nimekibandika ndani ya kifuniko cha mkebe wangu wa hesabu, mbuyu, jina na ile namba chini yake. Kila nikifungua kutoa bikari, kinanitazama.